Kwa Sadoki, Kuhusu Ponti ya Nyuma

Kaka Sadoki,

Nina neno na wewe. Nilitaka kulisema kaburini siku ya kuganduka, tulipoondoa msiba wako, lakini watu walikuwa wengi na Baba mdogo Nestori alisimama karibu mno. Sasa nimerudi Gitega, nimefungua duka, nimeketi katikati ya madumu ya mafuta, ninaandika. Hapa hakuna wa kunikatiza, hata wewe.

Unajua ukoo ulivyoamua baada ya kukuzika? Hujui. Baba mdogo alisema gari la marehemu haliguswi mpaka siku ya kuganduka, kama zamani jembe lilivyowekwa chini nyumba ikiwa na msiba. Nilimwambia gari si jembe, likisimama linaoza. Akanijibu, "We umekulia Tanzania, desturi za hapa huzijui." Na wewe ulikulia kule kule, kambi moja na mimi, chini ya turubai moja. Wewe hakukwambia hivyo hata siku moja.

Basi katkat yako, gari la kuvuta kwa tairi zote nne, ikasimama uani kwake Muyinga, mvua zikaja zikaondoka, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Na neno likapitishwa: siku ya kuganduka gari lipande lenyewe kile kilima mpaka nyumbani kwako, limebeba watu na vinywaji. Likifika, linabaki kwa mkeo Konsolata, atafute dereva, mizigo iendelee. Likishindwa, linauzwa kwa mtu wa vyuma chakavu, likatwe vipande. Mtu huyo alikuwa ameshakuja kulizunguka, akalipiga teke tairi. Mkeo alinipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Wifi, mi sina kwingine. Ile gari ndo shamba langu."

Nikaja wiki moja kabla. Betri, breki, injini, hayo yote yalikwenda sawa. Zikabaki ponti mbili, ya mbele na ya nyuma, hizi ambazo kule tulikokulia tulikuwa tunaziita difu. Hapo sikuwa na wasiwasi kabisa, kaka. Mafuta ndiyo kazi yangu. Nilianza kwa kuuza nusu lita kwenye chupa za maji, nimesimama juani, na kila namba iliyo kwenye dumu niliisoma mwenyewe mpaka ikaniingia. Hakuna aliyenishika mkono. Wewe mwenyewe ulikuwa unaniita "Madame Namba" mbele ya wateja, na nilikuwa nachukia, na sasa nangoja mtu aniite hivyo na haji.

Nilifungua mlango wa dereva, nikafuta vumbi kwenye kile kibati cha kiwandani, nikasoma alama ya ponti. Ponti ya kawaida. Kwa ponti ya kawaida na baridi yetu ya asubuhi, jibu ni 80W-90, daraja la GL-5. GL-4 ni ya gia boksi, haihimili jinsi meno ya ponti yanavyokandamizana. 140 ni nzito kama uji uliolala. Nikalegeza kwanza kizibo cha juu cha kujazia, ndipo nikafungua cha chini, maana ukimwaga yote halafu cha juu kikakataa kufunguka umelifungia gari pale pale. Nikajaza mpaka mafuta yakachungulia kwenye tundu. Kazi safi.

Kona ya kwanza tu, nyuma ikaanza kugonga. Ga-ga-ga-ga, chini ya kiti, mpaka usukani ukatetemeka. Nikinyoosha barabara, kimya. Nikikata kona, ga-ga-ga tena. Niliporudi uani Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi lake na majirani wawili, amesikia kila kitu.

"Iko inalia kama mbuzi," akasema. "Siku zote ilikuwa nzima, mama wa mafuta kaitilia mafuta yake, sasa imekufa."

Jirani mmoja akauliza kama ni mafuta au ni maji ya kuoshea sahani. Wakacheka. Konsolata alikuwa mlangoni, anaosha viazi, akaacha kuosha.

Baba mdogo hakuishia hapo. "Bon, haya. Tia ile nzito, 140, inyamaze. Mtu wa vyuma asisikie kelele, atatupa bei." Yaani tayari ameshaliuza kichwani. Nilimwambia uzito utaziba kelele tu, kinachoumia ndani kitaendelea kuumia. Akasema, "Mwanamke, kelele ndo ugonjwa."

Nililala kwako, nikawa nakukasirikia wewe. Namba zangu hazikukosea. Nilizirudia moja moja, ziko sawa. Sasa nini kinagonga?

Asubuhi, wakati nakunywa chai, ndipo barabara ya Buraza ikanijia. Unakumbuka tulipopeleka madumu mvua ikatukuta njiani, malori mawili yamelala kwenye tope, watu wanasukuma? Wewe ukapita pembeni yao polepole, ukishusha kioo kuwasalimu. Nilitoa kichwa dirishani nikatazama nyuma. Tairi zako zote mbili za nyuma zilikuwa zinarusha tope sawasawa. Kwa ponti ya kawaida tairi linaloteleza ndilo linalozunguka, la pili linakaa kama mgeni. Nilikuuliza. Ukanijibu, "Hili gari lina adabu, halimwachi mwenzake," ukacheka, na mimi nikacheka kama mjinga.

Na jambo jingine ambalo lilikuwa linaniuma moyoni muda mrefu: mafuta ya injini ulinunua kwangu, ya gia boksi kwangu, ya breki kwangu. Ya ponti, kamwe. Nilidhani unamfaidisha mtu wa Muyinga ukaniacha dada yako. Sikukuuliza, nilivimba tu.

Nikaacha chai. Nikaweka mawe kwenye tairi za mbele, nikainua nyuma yote kwa jeki mbili, nikalaza magogo chini ya ponti, gia nikaweka nyutro. Nikamwita Konsolata akae upande wa kushoto. "Nikizungusha hili, niambie hilo lako linaenda wapi." Ponti ya kawaida, ukizungusha tairi moja mbele, la pili linarudi nyuma. Nikazungusha mbele.

"Linakuja mbele," akasema. "Kama lako."

Nikamwambia aangalie vizuri. Nikazungusha tena, kwa nguvu.

"Wifi, nimesema linakuja mbele. Macho ninayo."

Nikaingia chini na brashi ya waya. Chini ya tope lililokauka, rangi ya ponti si rangi ya gari. Bolti si za umri mmoja. Sadoki, ulibadilisha ponti nzima. Ulitoa ya kiwandani ukafunga ya gari jingine, ile yenye sahani ndani zinazoshikana ili tairi moja lisiteleze peke yake. Kisha ukaacha kibati cha mlangoni kikisema uongo. Sahani hizo zinataka mafuta ya kwake, yenye dawa ya kuzitelezesha taratibu. Ukizipa ya kawaida zinashikana na kuachiana kwa kushtuka, ndiyo hiyo ga-ga-ga. Dukani kwangu sikuwa nayo, na ulijua sina. Kwa nini hukusema? Ningeyaleta. Neno moja tu, ukiwa umeegemea kaunta yangu unakula karanga zangu. Nilitukanwa mbele ya mkeo kwa kitu ulichokijua wewe peke yako, na wewe umelala.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Nimeiandika, iko hapo.

Nilipanda gari la abiria kurudi Gitega, nikayapata kwa muuzaji anayehudumia magari ya miradi: GL-5, 85W-90, na pembeni ya dumu herufi mbili, LS. Siku moja kabla ya kuganduka nikamwaga ya nyuma niliyoyatia, nikajaza haya ya LS, ya mbele nikayaacha maana kule kibati kinasema kweli. Kisha nikaenda kwenye uwanja wa mpira nikazunguka alama ya nane, taratibu, kulia, kushoto, ili sahani zinywe. Mzunguko wa kwanza, ga-ga-ga. Wa pili, ga-ga-ga. Baba mdogo alikuja kusimama golini, mikono nyuma. Nikazunguka tena na tena, mpaka nikagundua kwamba ninachosikia ni injini tu.

Baba mdogo alinitazama mzunguko mmoja zaidi. Alitema mate, akaondoka.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilimwambia Baba mdogo akae mbele, pembeni yangu. Nyuma walijaa shangazi zako na makreti. Pale kilima kinapojipinda juu ya mfereji, tairi la kushoto likateleza, nyuma ikaanza kuondoka, shangazi mmoja akaanza kusali kwa sauti. Sikukanyaga breki. Niliacha mguu ulipo, nikahesabu pumzi, na nikasikia tairi la kulia likishika. Likatuvuta sote mpaka uani kwako.

Baba mdogo alishuka, akafuta viatu kwenye nyasi. Watu walipokaa na pombe ikamiminwa, akasimama kusema neno la ukoo. Alisema mengi juu ya desturi. Mwishoni akasema, "Gari, bon, ibaki kwa mama watoto." Akakaa. Kwangu hakuangalia, na sikuhitaji.

Konsolata ameanza kujifunza kuendesha, kaka. Dereva hamtaki. Anakaza usukani kama anamkaba mtu, lakini atajua.

Wenzangu wameganduka, mimi bado. Nitaganduka siku nitakayoweza kupita Buraza bila kukusemesha. Lala salama, mwana wa mama. Nakuahidi hivi: kibati cha mlangoni nimekibandua, na mkeo kabla hajabeba mzigo wa kwanza atajua kuinua tairi zote mbili, kuzungusha moja, na kutazama la pili linakokwenda. Hatalazimika kumwamini mtu. Hata mimi.

Dada yako,
Espérance