Mfuko wa Kaki

Kambi ya vibarua, shamba la mbegu
19 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limetulia. Mimi sijambo. Viganja vimeshapasuka, lakini wiki ya kwanza huwa hivyo.

Nimechukuliwa tena. Tuko vibarua thelathini na wanne, na msimamizi ni yuleyule Bwana Rula. Tulimpa jina hilo kwa sababu hupima nafasi kati ya shimo na shimo kwa rula ya mbao. Sentimita mbili zikizidi, unafukua na kuanza upya. Jana alituambia kwamba hata foleni yetu ya chakula imepinda.

Kazi ni ileile: kupanda, kupalilia, halafu mwezi wa tano kuyavalisha mahindi kofia, kama alivyokuwa akisema mdogo wangu Kitinda.

Nina ombi. Shamba linatafuta mbegu za zamani, zile ambazo madukani hazipo. Wanazizalisha bila kuchanganyika na nyingine, kisha wanahifadhi punje kwenye chumba cha baridi, na humo zinakaa miaka hata sisi tukiwa hatupo. Nilimweleza Bwana Rula habari za mahindi ya Bibi, yale ya ndevu nyekundu na gunzi jekundu. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, akaandika. Amenipa mashimo kumi na mawili pembeni mwa shamba, niyatunze mwenyewe. Nitumie punje za hindi moja tu, katika yale uliyoyatundika juu ya jiko.

Mwaka jana sikuwepo nyumbani nilipohitajika. Hili angalau naliweza.

Mwanao


4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti halijatulia, ila tumeshazoeana.

Umeniuliza siku nyingi kwa nini situmii simu ya dukani. Mwenye duka ananipa bila kinyongo, lakini nikizungumza anasikiliza mdomo wazi, na wanunuzi wanasahau walichofuata. Barua inanitosha.

Punje nimezifunga kwenye kitambaa humu ndani. Nimepukuchua kabisa, gunzi nimelitoa ili mzigo usiwe mzito. Zipande mapema. Na huyo msimamizi wako asitegemee makubwa, mahindi ni mahindi.

Jikinge na jua. Barua zako zote naziweka kwenye ule mfuko wa kaki uliouacha hapa mwaka jana. Ni karatasi ngumu, haijachanika hata kidogo.

Mama yako


20 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti, habari za nyumba? Huku salama, ila naandika mbiombio kwa sababu tumo kwenye wiki za kufunika.

Tunaingia shambani asubuhi na aproni zimejaa mifuko. Hindi changa linafunikwa kabla halijatoa ndevu, ili vumbi la maua ya jirani lisiliguse. Ndevu zikishatoka, unakung'uta maua ya mmea uleule juu yake, unafunika kwa mfuko wa kaki, unabana, unaandika tarehe. Ukichelewa siku moja upepo umeshakumalizia kazi, na hakuna ajuaye tena lile hindi ni la nani.

Ya Bibi yameota yote kumi na mawili. Leo nimefunua la kwanza. Ndevu nyekundu, Mama, nyekundu kama za nyumbani. Bwana Rula amefurahi. Kuanzia sasa huna haja ya kuyawazia, yamefika pazuri.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ndevu hizo haziwezi kuwa nyekundu. Punje nilizokutumia nilizipata kwa jirani, katika mavuno yake ya mwaka jana, na yeye alipanda mbegu ya dukani. Gunzi lake lilikuwa jeupe, ndiyo maana nilipukuchua. Kwa hiyo umeona ndevu nyeupe, umeniandikia nyekundu. Sijui kama umefanya hivyo kwa kunihurumia au kwa kunitega. Nadhani ni huruma.

Mahindi ya Bibi yamekwisha. Nikueleze yalivyokwisha.

Mwaka jana tulipanda mvua ya kwanza, ikakatika, yote yakakauka. Nilibakiza mahindi matatu juu ya jiko, nisubiri mvua nyingine. Ndipo Kitinda akashikwa na homa. Siku ya tatu aliacha kula. Uji hataki, chai hataki, yai nililoomba kwa jirani hataki. Siku ya tano asubuhi akasema anataka mahindi ya kuchemsha. Mwezi ule mashambani hapakuwa na hindi bichi hata moja. Aliyatazama yale matatu akaninyooshea kidole.

Niliyashusha, nikapukuchua, nikachemsha tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na bado yalikuwa magumu. Alikula vijiko vitatu. Akasema, "Mama, matamu, lakini yanataka meno ya Dada." Tulicheka wote wawili. Kesho yake hakuamka.

Yaliyobaki sufuriani niliwapa kuku.

Bibi yako alinikabidhi mbegu ile siku niliyoolewa, nami siku zote nilijua nitakukabidhi wewe. Ulipoiomba nilishindwa kukuandikia kwamba niliipika. Sasa nimeandika.

Mama yako


12 Juni

Mama,

Shikamoo.

Zilikuwa nyeupe, ndiyo. Na mimea yenyewe mmoja mrefu, mwingine mfupi. Bwana Rula alichungulia ndani ya mfuko, akaufunga, akasema haya ni watoto wa mahindi ya dukani. Akaongeza, "Dada, si wewe wa kwanza," akaenda zake. Nilidhani mbegu ilichanganyika shambani kwetu bila wewe kujua, na sikutaka uwe na msiba mwingine. Yote kumi na mawili niliyafunika hivyo hivyo, kwa utaratibu wote.

Ungefanya nini zaidi ya kuyapika? Aliomba, ulimpa. Mimi ndiye mwenye la kujibu.

Mwaka jana uliniandikia kwamba Kitinda anaumwa, nije. Nilipofika na kukuta udongo wa kaburi bado mbichi, nilisema mbele ya watu wote kwamba barua haikunifikia. Wiki iliyofuata ulikwenda posta ukamgombeza yule karani mpaka akatoka nje.

Barua ilifika, Mama. Niliipokea siku nne kabla ya habari ya msiba, asubuhi, nikiwa naingia shambani. Ilikuwa wiki ya kufunika. Kibarua anayeondoka wiki hiyo hafutwi msimu ule tu, haitwi tena. Na nilikuwa na mistari miwili niliyoianza kwa mikono yangu, imebaki siku nne kuimaliza. Nikajiambia homa za watoto hupanda na kushuka. Nikaiweka barua kwenye mfuko wa aproni, nikaendelea. Siku zote nne ilikuwa humo, na kila nilipotia mkono kutoa mfuko mwingine niligusa bahasha yako.

Nilimaliza mistari yangu. Jioni ya siku ya nne mwenye duka akapiga simu kambini.

Sikuombi lolote. Umeniambia la kwako, nami sikuweza kulipokea huku nikificha hili.

Mwanao


25 Julai

Mama,

Shikamoo. Wiki sita sasa sijapata barua. Nimemuuliza mwenye duka kwa simu, akasema u mzima, hununua chumvi na kiberiti, huongei. Sikumpa ujumbe.

Tumevuna. Nilipofikia mashimo yangu Bwana Rula alikuja na daftari akauliza aandike nini. Chumba cha baridi hakiyataki. Nikamwambia asiandike kitu. Aliukata kwa kalamu na rula ule mstari alioandika Februari, akaniachia mahindi. Yamo chini ya kitanda changu, na mifuko yake yenye tarehe.

Msimu unaisha tarehe ishirini Agosti. Ukipenda nisije, nitatafuta kazi huku. Usipojibu nitaelewa kwamba ndilo jibu.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu,

Nilikuwa nalima. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikikaa kuandika nilikuwa naanza na maneno ya hasira, na karatasi ni chache.

Nilijua kwamba barua ilifika. Nilijua siku ileile. Ulipofungua begi kutafuta kanga ya kujifunika, juu kabisa palikuwa na mfuko wa kaki, mpya, umekunjwa vizuri. Aliyeuomba ni Kitinda. Alitaka avae kofia ya mahindi. Na aliuomba mara moja tu, nilipokuwa naandika ile barua, akanisimamia mpaka nikaongeza mstari wa mwisho. Hapakuwa na njia nyingine ya wewe kulijua ombi hilo.

Yule karani nilimgombeza ili ndugu za baba yako wasikie, wasije wakakuuliza zaidi. Mwezi huu nimemwendea nikamwomba radhi. Alisema alishasahau. Hakuwa amesahau.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Sijui. Zipo asubuhi nakuwazia vibaya mpaka chai inapoa. Lakini mwaka mzima nimekuandikia, na barua zako nimeziweka ndani ya mfuko ule ule, nikijua ni wa nani. Zaidi ya hapo sina la kukuambia.

Mahindi uliyonayo wape kuku wa kambini. Tarehe ishirini ikifika, njoo. Safari hii usilete kitu.

Mama yako