Kocha Ostap na Goti la Cherop

Nakuru,
Jumatano.

Kwa Baba, Mzee Hezekiah Kosgei,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa leo heshima yenyewe nimeitafuta sana kabla ya kuipata. Natumai kile kikohozi kimekuacha, na kwamba ng'ombe aliyezaa juzi anakubali kukamuliwa bila kurusha mateke. Mimi ni mzima, isipokuwa mguu ambao unaujua. Nimeandika kwa sababu nikitaja jina la Kocha Ostap kwenye simu, unakata. Barua hii anakuletea shangazi Winrose, nami nimemwomba asiondoke hapo mpaka uimalize.

Yale unayoyatangaza huko Salgaa yamenifikia. Eti mzungu alikunyang'anya timu ya wasichana ya mpira wa kikapu uliyoilea miaka kumi na mmoja. Eti ni mtoro wa vita. Eti mwenyekiti wa klabu, Makhanu, alibabaika kuona ngozi nyeupe. Wanaokula nyama nawe wanatikisa vichwa kwa huruma, nawe unaagiza kilo nyingine. Nimechoka, Baba.

Usidhani natetea rafiki. Mimi ni msaidizi wake, na simpendi. Hasalimii mtu. Kiswahili chake ni maneno mawili, "tena" na "haraka", na yote anayatoa kwa kelele. Siku ya kwanza akina mama wa wachezaji walimletea mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, wakamweleza kwamba kwetu hunyweshwa mshindi. Akakataa katakata, akasema kwa Kiingereza kwamba hajashinda kitu hapa. Mama yake Chepkurui alirudi na kibuyu chake akinung'unika njia nzima, na mimi nilitamani huyo mtu arudishwe kwao siku hiyo hiyo.

Nikaanza kumchimba, maana nilitaka kupata kitu cha kumpigia. Alianza kulipwa kwa kucheza akiwa na miaka kumi na saba, huko kwao Mykolaiv, Ukraine. Kisha akachezea klabu za Poland na Romania. Ana urefu wa mita mbili na ushei, na mpira ukigonga ubao ulikuwa wake. Akiwa na miaka ishirini na tisa goti likachanika kwenye nusu fainali. Kocha wake akaagiza adungwe sindano ya ganzi, akamrudisha uwanjani. Wakashinda. Hakucheza tena, na hadi leo ngazi anazishuka kwa ubavu. Ndipo akageukia ukocha, akaanza na watoto, halafu timu ya wanawake Romania. Vita vilipoanza alirudi kujiandikisha, jeshi likatazama lile goti likamwambia aende zake. Huyo ndiye mtoro wako. Dada yake ameolewa na mnunuzi wa maua Naivasha, na kwake ndiko alikosikia kwamba klabu yetu haina kocha.

Wiki ya pili alilikagua goti langu, akaniuliza ni nani aliyeniruhusu kucheza ile fainali yangu ya mwisho nikiwa nimeumia. Nikamdanganya kwamba niliamua mwenyewe. Ukweli unaujua. Ulinipeleka kwa yule mama wa Rongai akanikanda kwa maji moto ya chumvi huku nimeuma shuka, ukanifunga bendeji kwa mikono yako, ukaniambia asiyeweza maumivu abaki jikoni. Tulishinda kwa pointi mbili. Ukaninywesha mursik mbele ya umati, nimeshikiliwa na wenzangu wawili kwa sababu mguu haukusimama. Watu walipiga vigelegele. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimemaliza kucheza.

Sasa umemgeukia mdogo wangu. Goti la Cherop lilipofura, Kocha Ostap alimpumzisha wiki sita. Wewe ukaja kumchukua, ukaapa kwamba anakwenda nyumbani kulala na kula. Jana amenipigia kwa furaha, akanieleza kwamba umemkanda, uvimbe umeshuka, na Jumamosi atacheza mashindano ya Molo katika timu yako mpya, ili watu waone kocha ni nani. Ana miaka kumi na saba, Baba. Anakuamini vile mimi nilivyokuamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya unayoyaficha si yako, ni ya mtoto.

Kuna jambo nimelikalia karibu miaka miwili. Makhanu hakukufukuza kwa hiari yake. Ostap hakukupokonya kitu. Ulipoondolewa, hata Nakuru ni wapi hakujua. Mimi ndiye niliyekushtaki kwa kamati. Niliandika kurasa mbili, nikataja mama wa Rongai, bendeji na jina lako, nikatia sahihi, nikawasihi wanifichie. Niliandikia kitandani hospitalini baada ya upasuaji, nawe umekaa kando yangu unanimenyea machungwa. Uliniuliza naandika nini. Nikakujibu ni insha ya chuo, ukaniambia niandike vizuri.

Nilikuacha umchukie mtu asiyekukosea, kwa sababu niliogopa unichukie mimi. Hapo nilikosa, na naomba radhi. Kwa kukushtaki siombi radhi.

Leo asubuhi nimewaandikia waandaaji wa Molo pia, nikaambatanisha picha ya goti la Cherop na ripoti ya daktari. Wamejibu kwamba hatacheza. Safari hii sikuwaomba wanifichie, na wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Nisalimie Mama, umwambie dawa yake ya presha nitakuja nayo. Nitafika Ijumaa mchana kumchukua Cherop. Ukilifunga lango nitakaa nje na mguu wangu huu mpaka mtu afungue. Nakuombea afya, na nakuogopa bado.

Ni mimi binti yako,
Chelimo