Uliomba Pwani, Nikakupa Rangi

Mke wangu, Mama Rhobi,

Watu bado wanakuja kuangalia chumba chako. Juzi alikuja binti mmoja anayeolewa mwezi ujao, ameongozana na shangazi yake. Wakasimama mlangoni, halafu yule binti akaniambia, "Baba, na mimi nataka chumba cha pwani kama hiki." Nikampeleka dukani nikamchagulia rangi, nyeupe ya dari na bluu iliyopauka ya kuta, na nikamwelekeza atakapopata mapazia mepesi. Wakati wa kuondoka alisema ulikuwa na bahati kupata mume wa namna yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu, na barua hii naiacha wazi ili aisome kila aliyewahi kunisifia.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu huko ninakotakiwa kufika sina haraka nako.

Ulifika Mugumu na begi moja, muuguzi uliyepangiwa kazi kutoka Pangani, na siku ya pili ukaingia kwenye duka la kaka yangu kutafuta kufuli. Nikakuuliza kama ni la chumba unachorara. Ulicheka mpaka ukaweka begi chini. "Ninacholala, kaka. Lala." Umenirekebisha neno hilo miaka yote tuliyokaa pamoja, na wateja walizoea kukusikia ukinisahihisha huku ukipima misumari. Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba mara nyingine nilikosea makusudi, nikusikie tu.

Mahari yetu nayo ilikuwa kichekesho. Baba yako alipoambiwa kwamba kwetu mke hutolewa ng'ombe, aliuliza, "Nitawafuga wapi, minazini?" Baba yangu hakutaka hata kusikia habari ya mke asiyetolewa ng'ombe. Mwishowe ng'ombe walitolewa mbele ya wazee, wakawa mali ya baba yako, wakabaki zizini kwetu, na kule Pangani ikatumwa picha yao. Ulipenda kuwaambia wauguzi wenzako kwamba wewe uliolewa kwa picha. Mimi nilicheka pamoja nanyi, ila mimi ni mtu wa hapa, nilijua kilichofanyika siku ile. Ng'ombe wakishatoka, mke ni wa mji ule, akiwa hai na akiwa amekufa. Huzikwa pale pale, kwenye uwanja wa mumewe.

Basi tukahamia Nkende, nikafungua duka langu la vifaa vya ujenzi, Rhobi akakua akaenda kuolewa, na wewe ukaumwa. Siku madaktari walipotuambia turudi nyumbani hukulia. Ulilia kesho yake, asubuhi, umekaa nyuma ya nyumba unamenya ndizi, na ulipomaliza kulia ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Rhobi, nataka nikapumzike pwani."

Nikajibu, "Sawa." Na siku hiyo hiyo nikamwita Chacha, fundi wetu wa rangi.

Nilimweleza kila mtu kwamba mke wangu amechoka, anatamani upepo wa bahari, na kwa kuwa safari ni ndefu na mwili hauna nguvu, nitamletea pwani hapa hapa. Majirani walifurahi sana. Chacha akaniuliza, "Hiyo bahari yenyewe ikoje, mzee?" Nikagundua mimi mwenyewe niliiona mara moja tu, tulipokwenda kumzika baba yako, na siku ile sikuwa na muda wa kutazama maji. Kwa Kikurya ziwa na bahari ni neno moja, inyancha, kwa hiyo Chacha akapaka ile anayoijua yeye, maji ya Musoma wakati wa masika. Chumba kikawa kama kimeoshwa kwa matope. Ulichungulia ukasema, "Chacha mwanangu, hapa hata kambare hataki." Tukapaka upya.

Safari hii ikatoka bluu safi, na dari nyeupe, na mashuka meupe, na pazia jeupe. Uliingia, ukazunguka taratibu umeshika ukuta, ukakaa kitandani. "Umenirudisha wodini," ukasema. Kweli, sikuwa nimeona. Nikakimbilia kutundika kanga zako ukutani na kutandika mkeka sakafuni. Nikafunga feni, na baridi ya Tarime unaijua. Ulilala chini yake umejifunika mablanketi mawili, na nilipokuuliza ukasema ni nzuri. Nikaleta mchanga lori zima nikaumwaga nje ya dirisha lako. Mchanga ulitoka upande wa Nyakunguru, kwenye machimbo ya dhahabu, na kuanzia hapo hakuna aliyepita bila kuinama na kuupepeta kiganjani aone kama kuna kinachong'aa. Ulicheka siku ile. Nadhani ndiyo mara ya mwisho nilikuona ukicheka mpaka mabega yakatikisika. Nikaagiza magamba ya konokono wa ziwani, nikayapanga dirishani. Nikatafuta sauti ya mawimbi, nikaiweka kwenye redio ndogo karibu na mto wako, na baada ya muda mfupi ukaniita. "Zima hiyo, Baba Rhobi. Inanibana mkojo."

Nilikuwa na furaha siku zile, lazima nikiri. Nilikuwa na kazi ya kufanya, na mtu mwenye kazi hakai akamtazama mgonjwa usoni.

Halafu ukasema tena. Nilikuwa juu ya ngazi napigilia fimbo ya pazia, umelala umenitazama kwa muda mrefu. "Baba Rhobi, shuka." Nikashuka nusu. Ukasema, "Sikusema chumba. Nilisema nikapumzike. Kwa baba yangu, pale."

Nikakujibu, "Pazia la pili halijafika bado."

Hukusema tena. Uligeukia ukutani, ule ukuta wa bluu, na mimi nikarudi juu ya ngazi.

Sasa wasikie wanaonisifia. Mimi sikukosea. Kiswahili changu kina r nyingi, lakini kupumzika najua maana yake. Najua mtu anayekwenda kupumzika wiki mbili anaongeaje, na najua aliyeambiwa na madaktari arudi nyumbani anaongeaje. Nilikuelewa pale pale kwenye ndizi, kabla hujafuta machozi. Kilichonishinda ni kwenda kukaa mbele ya wazee wa ukoo na kusema kwamba mke wa mji huu, aliyetolewa ng'ombe, anaomba kuzikwa kwao. Niliona aibu. Niliona jinsi watakavyonyamaza, na jinsi kaka zangu watakavyoniangalia. Kwa hiyo nilinunua rangi. Kila kopo nililofungua lilinipa siku moja ya kutokwenda.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Watu walikuwa wengi, na kila aliyetoka kukuaga alipitishwa kuangalia chumba. Wiki moja baadaye baba mkubwa alikuja kunisalimia. Nilimwamkia shikamoo, tukakaa juu ya ule mchanga, na sijui ni kitu gani kilinifungua mdomo, nikamwambia ulichoomba. Akauchota mchanga kiganjani, akaupepeta. Kisha akasema, "Mura, kijana wangu, sasa mbona hukusema? Ng'ombe tunazo bado. Ungesema, tungekaa, tungeongea na wale wa kule mahari irudi."

"Wangekubali?" nikamuuliza.

"Sasa nitajuaje? Hukusema."

Tangu hapo sina usingizi wala hamu ya kula. Rhobi anadhani ni upweke, anataka nikakae kwake. Siendi. Nimemuuliza baba mkubwa kama unaweza kuhamishwa, akatikisa kichwa. Kaburi likishafungwa halifunguliwi, na sikuwa na mdomo wa kubishana. Hakuna kilichobaki cha kufanya. Nayajua maduka yote ya vifaa kuanzia hapa mpaka Sirari, na hakuna linalouza kitu cha kurekebisha hili.

Liko jambo moja tu ambalo hata baba mkubwa hajui. Siku uliyofariki, mama yako alipiga simu. Alikuwa hawezi kusafiri, miguu imevimba, sauti yenyewe inakatikakatika. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Baba, mwanangu alisema wapi anataka kulazwa?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Hakusema kitu." Akashukuru. Akaniombea baraka kwa jinsi nilivyokutunza.

Nimemwomba kaka yako amsomee mama yenu barua hii, polepole, mpaka mwisho. Kwaheri, Mama Rhobi. Msamaha siuombi, kwa sababu wa kunipa hayupo. Mama, mwanao alisema. Alisema mara mbili, na mara zote mbili nilimsikia.

Mumeo,
Baba Rhobi
Nkende, Tarime