Vyoo Viwili, Karo Moja

Mwigobero, Musoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ule mguu umepata nafuu na mihogo inaendelea vizuri. Mimi mwili mzima, ila uso sijui niuweke wapi. Ningekuja mwenyewe Bugwema kukueleza, lakini magari hayana mafuta, na muuza dagaa mmoja anayekuja huko kwa baiskeli amekubali kunibebea barua.

Karakana ya useremala imekwisha kujengwa. Nyuma yake nimejenga vyumba vyetu na vyoo viwili vya kumwaga maji, kimoja chetu, kimoja cha wageni. Kuchimba karo, lile shimo la kupokea uchafu wa vyoo, ndiko kulikotutoa jasho, maana huku ukichimba kidogo tu unagonga mwamba. Na saruji siku hizi ni mpaka kibali. Niliyopata ilitosha karo moja, basi mabomba ya vyoo vyote nikayaelekeza humo. Nikajiona mjanja kweli.

Mama mkwe akaja kutoka Butiama kwa ajili ya ibada ya kuombea karakana. Sehemu kubwa ya njia alitembea kwa miguu. Jioni majirani walipokuja kuangalia, mdomo ukaniwasha: "Milango miwili, lakini huko chini karo ni moja tu!" Alikuwa amekaa hapo karibu, akasikia. Mama, umenilea nikijua mtu na mama mkwe wake hawachangii choo. Mimi niliangalia milango, shimo nikalisahau.

Tangu hapo mama mkwe hakugusa maji wala uji. Nikamnong'oneza mke wangu kwa hasira, "Mama yako anatudharau."

"Mama anakunywaga maji kuliko mimi," akanijibu. "Labda anaumwa."

Kesho yake, katikati ya ibada, akaanguka mbele ya watu. Mke wangu alipombembeleza sana ndipo akasema alikuwa hanywi ili asihitaji kwenda chooni. "Ningeenda kwa jirani wangeuliza sababu," alisema, "na mume wako angeaibika kwa wageni wake." Loo, Mama! Niliyemwita mwenye dharau alikuwa ananisitiri.

Mke wangu amempeleka Butiama na hajarudi. Ametuma neno kwamba mama yake ana nafuu. Habari za kurudi hakutaja.

Sasa napasua mwamba mwenyewe, nachimba karo ya pili. Lakini msamaha nitauombaje? Kumtajia mama mkwe habari za choo ni kumvunjia heshima tena. Mguu ukikuruhusu, nenda wewe Butiama, Mama, mzazi kwa mzazi, na usinitetee.

Dada anayekusomea barua hii asipaze sauti, maana baba mdogo akisikia nitachekwa kijiji kizima. Wasalimie wote wawili, na bibi jirani.

Mama, ukirudi usinitumie maneno matamu. Niambie tu kama mke wangu alikuuliza habari zangu.

Ni mimi mwanao, fundi niliyejenga bila adabu,

Magesa