Mabati Ishirini na Manane

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikisimama sana kwenye pasi. Mwezi huu tena umeniletea nusu ya hela. Silalamiki, nauliza tu: huko kwenu mishahara nayo husinyaa ikifuliwa? Jirani kaniuliza kama bado una kazi. Nikamjibu kwa sauti kwamba unapima maji ya mji mzima, ili asiulize la pili. Kama kuna mtu anakula hela zako, niambie.

Mama yako, dobi

19 Februari

Shikamoo Mama,

Goti limepata nafuu? Mimi sijambo. Hakuna anayekula hela zangu. Ni mkopo wa chuo. Wanaukata kabla sijaushika mshahara, na bado miaka tisa.

Kuna jambo nilikuficha. Mwaka wangu wa kwanza, paa lilipovuja mvua ikaharibu gauni la harusi la mteja wako, nilikutumia fedha za kuezeka. Nilisema nimepewa zawadi ya kufaulu. Haikuwa zawadi, Mama. Ilikuwa fedha ya mkopo, ya vitabu na chakula changu. Ulinijibu kwa barua ya vigelegele vitupu, nikashindwa kusema kweli. Naona haya. Usinichukie.

Binti yako

7 Aprili

Shikamoo Mama,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Na fedha za mwezi uliopita zimerudi, bahasha haijafunguliwa. Najua umenuna. Nitukane basi, nijue angalau u mzima.

Binti yako

22 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, na goti pia. Sikununa. Haya, nilinuna, wiki mbili. Mtaa mzima niliuringia kwa mabati ya zawadi, kumbe mwanangu alikuwa analala njaa ili nguo za watu zisilowe! Hilo ndilo lililoniuma, siyo uongo wako. Nimelia mpaka nikajichoka.

Kisha nikazunguka vyumba vyote nimeinua shingo, nikayahesabu mabati. Ishirini na manane. Chumba cha mbele nimempangisha fundi viatu. Ananuka gundi, lakini analipa kwa wakati, nami nilisubiri kodi yake ndipo nikuandikie. Humu ndani ya bahasha kuna bei ya bati moja, bei ya leo, nisije nikasemwa. Kila mwezi nitaleta fedha za bati moja. Ukithubutu kurudisha, napanda basi nakuja na pasi yangu, ikiwa na mkaa wake. Elimu ni yako, ilipe mwenyewe. Mabati ni yangu.

Mama yako, dobi

3 Julai

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, na leo nasema kweli. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Nilitaka kurudisha fedha, nikaiogopa pasi.

Jana nilizipeleka ofisi ya mikopo. Karani akashangaa, maana mshahara wangu wameshaukata. "Hizi za nini tena?" Nikamwambia za bati. Akacheka, akaandika "nyongeza." Risiti hii hapa, itunze wewe.

Yamebaki ishirini na saba. La kwanza nimelichagua mwenyewe, lile lililo juu ya kitanda chako. Mvua ikinyesha, lala usingizi, Mama. Hilo halidaiwi tena.

Binti yako