Chiku Amenyamaza

Jumamosi, 5 Julai

Nimefunga duka la dawa nusu saa kabla ya muda. Mteja wa mwisho alitaka dawa ya kikohozi. Kila mtu Likombe anakohoa, ni salfa wanayopulizia mikorosho. Bajaji hadi Mikindani. Mkobani: karatasi ya Chiku, penseli, ming'oko ya kuchemsha, viazi vya porini, ya watu wanne.

Mama ameniuliza tena huu mchezo wetu ni nini hasa. Nimemwambia: meza, karatasi, dadu moja ya pande ishirini. Kila mtu ana mtu wake wa kubuni. Hamisi anasimulia yanayotokea, mimi, Rosa na Fadhili tunasema watu wetu wanafanya nini, dadu inaamua kama wameweza, namba kubwa ni ushindi. Akasema, watu wazima na akili zenu. Akaendelea kuchambua mchicha.

Lililobaki sikumwambia. Kwamba Hamisi akimaliza kusimulia hukugeukia na kuuliza: unafanya nini? Halafu anasubiri. Wiki nzima hakuna mwingine anayeniuliza hivyo. Dukani wananiambia wanachotaka. Nyumbani, tangu nirudi na talaka yangu miaka mitatu iliyopita, wananiambia ninachopaswa kutaka.

Mtu wangu ni Chiku, mvushaji. Ana mtumbwi na ulimi mbaya, na mafungu ya mchanga mlangoni mwa mto anayajua hata yakihama. Miezi saba ninaye. Nampenda, sifichi.

Leo, mchezoni, Sultani wa ng'ambo amemposa. Akikubali, wenzetu aliowafunga wanaachiwa. Hamisi akauliza, unafanya nini? Nikawa nafikiri. Nafikiri kweli, nahesabu wafungwa na makasia kichwani. Hamisi akasema: "Chiku amenyamaza. Basi amekubali."

Fadhili akapiga meza. Rosa akapiga vigelegele. Nami nikacheka. Kwa nini nilicheka?

Jumapili, 6 Julai

Hamisi ni mtoto wa mjomba. Binamu, kwa hiyo mtani. Tangu utotoni ananipora vitumbua mkononi na kuniita majina, nami namrudishia, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Ndiyo maana nilicheka. Mdomo ulicheka wenyewe.

Ni mchezo. Ni mchezo tu. Nimeandika mara mbili na bado siamini.

Jumatano, 9 Julai

Nusura nimpe mama mmoja dawa ya minyoo badala ya malaria. Nilishtuka akiwa ameshanyoosha mkono. Nilikuwa namtungia Chiku maneno ya kukataa. Jumamosi atakataa mbele ya washenga wa Sultani, kwa sauti, kabla hata ya kuulizwa.

Jumamosi, 12 Julai

Amekataa. Nilisema mara tu tulipokaa, hata chai haijamiminwa. Hamisi akasema sawa, rusha.

Kumi na tisa! Kumi na tisa kati ya ishirini! Rosa alisimama kwenye kiti.

Hamisi akatazama makaratasi yake. Ana bunda zima, kwa mwandiko wake wa ualimu, mistari imenyooka kama ubaoni. Akasema Sultani amependezwa na ushupavu wa Chiku. Harusi iko palepale.

Nikamuuliza, sasa kumi na tisa ni ya nini? Akasema, binamu, tulia, mbele huko ni patamu. Nikamwangalia Fadhili. Fadhili ni fundi kwenye visima vya gesi Msimbati, mtu wa kanuni, hata kijiko anakirudisha alipokitoa. Aliiangalia dadu, akaangalia dari. 

Niliikunja karatasi ya Chiku. Niliificha chini ya meza.

Jumanne, 15 Julai

Sasa nimejua kinachonisumbua ni nini. Nimejua nikiwa napanga chupa za dawa ya kikohozi, ikabidi niketi kwenye boksi.

Siku ya nikaha yangu nilikuwa chumbani, nimefunikwa khanga. Baba aliingia kuniuliza kama nimeridhia. Mashahidi wawili wamesimama mlangoni. Mwanamwali akinyamaza ni ameridhia, ndivyo tulivyofundwa, haya ndiyo jibu. Lakini mimi si haya iliyoninyamazisha. Nilikuwa nafikiri. Nilitaka dakika moja zaidi. Shahidi mmoja akasema, "Amenyamaza. Basi amekubali." Wakatoka. Vigelegele.

Shahidi huyo alikuwa Hamisi.

Maneno yaleyale, sauti ileile. Sidhani kama anakumbuka. Miaka tisa imepita. Mwanamume niliyeozwa hakuwa mbaya, hilo naliandika kwa haki. Ila hakuwa chaguo langu. Nilikaa naye miaka sita nikisubiri ile dakika yangu.

Alhamisi, 17 Julai

Naogopa Jumamosi. Sijawahi kuiogopa Jumamosi. Nimefikiria kusema naumwa. Nisipokwenda, Chiku atabaki mikononi mwa Hamisi peke yake.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikwenda. Adhana ya alasiri ikaita, nikatoka kuswali uani. Rakaa nne! Niliporudi Chiku alikuwa ameshavalishwa nguo za harusi, ameshavushwa, na ameshamwambia Sultani mtu wa Rosa amejificha wapi kwenye mikoko. Hamisi alimsemea yote.

Rosa anauza vitenge sokoni. Babu yake alivuka Ruvuma na watoto mgongoni wakati wa vita vya kule. Habari za mtu kuonyesha wenzake walikojificha si utani kwao. Aliniangalia mimi, si karatasi ya Chiku. Akasema, "Dada, hata wewe?"

Nikasema si mimi. Nikasema tena. Hamisi akasema, "Ulikuwa umetoka, binamu. Hadithi ilibidi isonge."

Nikanyoosha mkono, nikachukua dadu, nikaitia mkobani, nikafunga zipu. Nikasema: "Utani huo." Nikaondoka.

Ni dadu yake. Alitoka nayo chuoni Dar es Salaam, sijui kama Mtwara nzima kuna nyingine. Lakini mtani akikuchukulia kitu huruhusiwi kukasirika. Nilimwona mlangoni akijaribu kutabasamu. Tabasamu halikutoka.

Jumapili, 20 Julai

Nimefanya nini mimi?

Dadu iko kwenye droo ya khanga. Nimeitazama mara tano. Fadhili ameandika salamu kwenye kundi letu la simu. Hakuna aliyemjibu, hata mimi.

Jumatatu, 21 Julai

Hakuna ujumbe.

Jumatano, 23 Julai

Hamisi amekuja dukani.  Ameomba dawa ya kichwa. Nikampa. Hakutaja dadu, sikutaja dadu. Alisimama pale kaunta akisoma tangazo la chandarua kama mtu anayesahihisha mtihani. Kisha akaaga, akasahau dawa.

  Mtani hanuni, basi tutakaa hivi hadi tuzeeke, tunachekeana misibani.

Mama ameuliza mbona sili. Nimesema joto. Mwezi wa saba!

Ijumaa, 25 Julai

Ninachoogopa hasa, nikiandike: nimeua mchezo. Nimejipokonya kile nilichokuwa nakililia, na sasa hakuna wa kuniuliza lolote. Jumamosi nitafunga duka saa yake kama watu wote, nirudi nyumbani nikachambue mchicha.

Baada ya swala nimemwandikia Hamisi. Nimefuta mara nne. Imebaki hivi: "Siku ya nikaha yangu ulisimama mlangoni. Sikusema ndiyo. Nilikuwa bado nafikiri."

Ameisoma hapohapo. Nimeona akianza kuandika. Akaacha. Akaanza. Akaacha.

Nimeoga. Nimefua khanga ambayo si chafu. Hajajibu.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikwenda. Nilibeba ming'oko, na dadu.

Rosa alikuwepo, Fadhili alikuwepo. Rosa akanisogezea kiti bila kunitazama sana, akasema Fadhili amemweleza kwamba nilikuwa kwenye swala. Nikashukuru. Hamisi alikuwa amekaa upande wetu wa meza, si mahali pake. Bunda la karatasi limegeuzwa kifudifudi.

Akasema, mbele yao: "Nilijua hukusema. Baba yako alitugeukia. Watu wamejaa barazani, pilau iko tayari. Nikaogopa kurudi kule bila jibu. Nikasema amekubali." Akaelekeza kidole kwenye bunda. "Na hapa nilikuwa nimeshaandika ikulu nzima ya Sultani, kila chumba. Nikaogopa hivyohivyo. Nisamehe, Mwanaidi."

Hajawahi kuniita jina langu bila kulipinda. Sikujua niangalie wapi. Nikafungua zipu, nikaweka dadu katikati ya meza. Nilitaka kulia, sikulia. Nikamenya mng'oko.

Tukarudi nyuma, hadi siku ya posa. Fadhili ndiye aliyependekeza, akasema kanuni inaruhusu, na nina hakika hakuna kanuni hiyo. Mtu wa Rosa yuko salama kwenye mikoko. Washenga wako kwenye ukingo wa mto, wafungwa nyuma yao. Maji yanapungua. Hamisi akasimulia hayo taratibu, bila kugusa karatasi.

Kisha akanigeukia. Chiku, unafanya nini?

Nikanyamaza. Nilikuwa nafikiri. Wafungwa, makasia, mchanga ulioanza kuonekana. Fadhili akafungua mdomo, Rosa akamkanyaga mguu. Uani kuku walikuwa wanachakura. Hamisi alikunja mikono akaiweka juu ya meza, akakaa hivyo, akanitazama. Chai yangu ilipoa.

Nikasema, bado nafikiri.

Akasema haya. Akanimiminia nyingine ya moto.