Mikorosho ya Mjomba Nikolao na Katiba ya Selestini

Kwako Bi Theodora, shikamoo. Mimi ni msomaji wako tangu gazeti hili lilipoanza kutufikia huku Newala, hata kama linafika likiwa limeshafungiwa karanga, na leo nashika kalamu kuomba msaada kwa sababu kichwa kinaniuma na nyumbani hakuna anayenielewa, kwani jambo lenyewe ni la sheria, na mimi ndiye ninayetakiwa kuijua sheria, maana ni mjumbe wa baraza la kata, nilichaguliwa, na watu wananiheshimu, au walikuwa wananiheshimu.

Mjomba wangu Nikolao, kaka yake mama, alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na kwa mila yetu huku mtu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mali ya mjomba huenda kwa mpwa, watoto wake wana wajomba zao wenyewe wa kuwaangalia, na mpwa mkubwa ni mimi. Ameacha shamba la mikorosho njia ya kuteremkia Masasi, na nikwambie ukweli, wakati ule korosho zinachukuliwa na ushirika na malipo hayaonekani hakuna aliyelitaka, magugu yalifika kiunoni, ugonjwa wa ubwiri unga ukaunguza maua, sisi wapwa tukahamia kwenye ufuta na mihogo, mjomba mwenyewe miguu ikawa mibovu, lakini tangu soko huria lije na wanunuzi binafsi wapande huku na malori yao mikorosho imekuwa mikorosho kweli, na shamba la mjomba linapendeza kuliko mengi kwa sababu mkewe, Mama Cecilia, hakuacha kulipalilia na kulipuliza dawa ya salfa, na sehemu yote ya chini ni mikorosho michanga iliyoanza kuzaa, mbegu alizileta mwenyewe kutoka kwao Lulindi akazipanda mjomba akiwa hawezi tena kutembea.

Sasa mimi nikamwendea kwa heshima zote, nikamwambia, "Shikamoo Mama Cecilia, arobaini imepita, wewe sasa rudi kwa kaka zako Lulindi ukapumzike, au uende kwa binti yako Cecilia pale Mkomaindo, mikorosho tutaiangalia sisi." Akaitikia marahaba, akanipa maji ya kunawa, akanipakulia ugali na kisamvu, nikala nikamaliza, ndipo akaniambia, "Umeshiba, Baba Eric? Basi kesho njoo na jembe, palizi haijaisha." Kumbe alikuwa amekwisha kupeleka malalamiko kwenye baraza, na baraza lenyewe ndilo letu, tunakaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao.

Hilo peke yake nisingekusumbua nalo, mila iko wazi. Kinachoninyima usingizi ni kwamba na mimi nina mikorosho yangu, nimeipanda na mke wangu Dorika, na nina watoto, mkubwa ndiye huyo Eric, na dada yangu Anjelina ana mtoto wa kiume, Modest, mtu mzima, ambaye tangu mjomba afariki amekuwa na adabu ya kutisha, anakuja asubuhi kuniamkia, anaulizia afya yangu, anauliza mpaka wetu unaishia kwenye mkorosho upi, na juzi nimemkuta anapogoa matawi bila kutumwa na mtu. Mimi sitaki mikorosho yangu iende kwa Modest, nataka iende kwa wanangu, ndiyo maana nilipokwenda Masasi nikanunua Katiba ya nchi, nikaisoma yote, nikamwita dada na mwanawe nikawasomea ile ibara ya haki ya kumiliki mali na ile ya usawa mbele ya sheria, nikawaambia hii ndiyo sheria mama, mila zote ziko chini yake. Dada alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kaka, mbona ulipokwenda kwa Mama Cecilia hukuibeba?" Modest akacheka, Dorika naye mlangoni akacheka, na tangu siku hiyo dada hakanyagi kwangu, na Dorika kila nikimtuma kitu ananiuliza, "Ibara ya ngapi?"

Naomba unijulishe, katika nchi hii sheria inatoka wapi hasa, na ni ipi niitumie Jumamosi nipate mikorosho ya mjomba kwa haki, na ni ipi nitumie ili Modest asiipate yangu. Tafadhali jina la ukoo usilitoe.

Selestini, Newala

*

Selestini, marahaba. Jina la ukoo nimelificha, ingawa ukishataja Modest, Anjelina na baraza la kata katika barua moja, nadhani kilichobaki ni picha tu. Barua yako nilimsomea mwenzangu hapa ofisini na tumecheka, nisikufiche. Halafu tukafika pale yule mama anapokupakulia ugali baada ya kuambiwa ahame, na kicheko kikatuishia.

Kwanza nikupe sifa yako. Umenunua Katiba wakati wenzako wananunua redio, na umeisoma yote. Mimi nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi, na kazi kubwa niliyoifanyia Katiba ni kuipangusa vumbi. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu kwa heshima.

Sheria ya nchi hii haitoki mahali pamoja. Juu kabisa ipo Katiba, na sheria inayogongana nayo haisimami. Chini yake zipo sheria zinazotungwa na Bunge, kisha kanuni za mawaziri na sheria ndogo za halmashauri yenu, kama ile inayokuzuia kuchoma moto ovyo shambani. Zipo alizotuachia Mwingereza, ambazo mpaka leo mahakimu huzitafuta wakikwama. Zipo hukumu za mahakama za juu, ambazo mahakama za chini lazima zizifuate. Na mila ipo, usidhani Katiba imeifukuza. Sheria iliyoandikwa ndiyo inayoruhusu mahakama itumie mila, na kwa Waislamu sheria ya dini yao, katika mambo kama mirathi. Mila ni sheria, Selestini, ila imekaribishwa kiti, na mwenye nyumba yupo.

Swali la pili ndilo linaloniudhi. Unauliza "ni ipi niitumie" kana kwamba sheria ni nguo, hii ya shambani, hii ya harusini. Wakati wa kupokea wewe ni mtu wa mila kabisa. Wakati wa kutoa unageuka raia wa Jamhuri ya Muungano mwenye ibara zake mkononi. Dada yako aliliona hilo bila kununua kitabu chochote.

Tuanze na hiyo mila unayosema iko wazi. Hapa mjini wapo watu wengi wa huko kwenu, nikawauliza wawili, Halfani, Mmakonde wa Newala, na Basil, Mmakua wa Masasi, kila mmoja kwa wakati wake. Nikawaeleza habari ya shamba bila kukutaja. Wote wawili, kabla hata sijamaliza, waliniuliza: mikorosho alipanda nani? Kwa mila yenu ardhi inaweza kuwa ya ukoo na mti uliosimama juu yake ukawa wa aliyeupanda. Hilo unalijua, umezaliwa nalo. Na umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba mikorosho ya chini mbegu alizileta Mama Cecilia na aliyepanda ni yeye. Kwa hiyo kule chini mila uliyoiita ikusaidie imekwisha kwenda upande wake. Ulikuwa na haraka hukuisikia.

Halafu mila hiyo hiyo ina upande wa pili ambao barua yako imeuruka. Mpwa hurithi kwa sababu mpwa hulima kwa mjomba, humbeba akiugua, humjengea uzio. Miguu ya mjomba wako ilipokataa ulikuwa kwenye ufuta. Sikulaumu sana kwa hilo, miaka ile ilikuwa mibaya na kila mtu alitafuta cha kula. Lakini unamnung'unikia Modest kwa kupogoa matawi bila kutumwa. Modest angalau anapogoa.

Ile sehemu ya juu, aliyoipanda mjomba, ina ubishi wa kweli, na sitakudanganya kwamba jibu lake ni rahisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa anaweza kumiliki mali yake mwenyewe. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kuwa kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Najua utasema kesi ile ilikuwa ya talaka, si ya kifo, na hakimu anaweza kukusikiliza. Ila jisikie ukisema hivyo mbele ya watu: mke aliyeachwa apate, na huyu aliyemwogesha mumewe mpaka mwisho akose. Na iko hukumu nyingine, ya Mahakama Kuu, juu ya shamba la ukoo kule Kagera. Mila ya kule ilimkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo huku mwanamume akiruhusiwa. Jaji alifungua Katiba hiyo hiyo uliyonunua Masasi, akasema ubaguzi huo hausimami. Ukiingia nayo barazani Jumamosi, jiandae itakapomgeukia Mama Cecilia na kumwamkia.

Sasa nisikilize, maana Jumamosi si mbali.

Katika shauri hili hutakaa kwenye kiti cha mjumbe. Mwambie mwenyekiti leo, mbele ya mtu mwingine, kwamba una maslahi. Usiponyanyuka mwenyewe uamuzi wote utachafuka, hata kama una haki. Tena mirathi si ya kumalizwa na baraza la kata. Ukoo ukae, Cecilia aitwe na asikilizwe kama binti wa marehemu, mchague msimamizi wa mirathi, mwende mahakamani akathibitishwe. Mpaka hapo hakuna wa kumwambia mama yule afungashe.

Kabla ya kikao nenda kwake. Amekualika, tena na kifaa amekutajia. Palilia kwanza, ongea baadaye. Mwambie mikorosho ya chini ni yake na hutaigusa, na ya juu mtaiachia mahakama, naye abaki nyumbani kwake. Usimpelekee ibara.

Juu ya mikorosho yako, andika wasia ukiwa mzima, na mashahidi wake. Taja kipi umepanda wewe na kipi amepanda Dorika, maana chake huwezi kukigawa. Halafu mwite Anjelina na Modest uwaambie uso kwa uso ulichoamua kuwapa wanao, na umpe Modest kitu sasa hivi ukiwa hai, kwa sababu ni damu ya mama yako na hajafanya kosa lolote zaidi ya kujua mila uliyomfundisha wewe. Dada yako atanuna, kisha atarudi. Ninavyomsoma, anakupenda.

Na jambo la mwisho. Nimekueleza kwamba hukumu ya mahakama ya juu huwa sheria kwa mahakama za chini. Kwenye ukoo mambo huenda hivyo hivyo, na kwa sasa wewe ndiye mahakama ya juu. Modest atakuwepo Jumamosi, amekaa nyuma, ametulia. Chochote utakachosema Mama Cecilia hastahili, atakikumbuka neno kwa neno, na atakirudia siku watakapokuzika. Siku hiyo, Selestini, mke wa mjomba atakuwa Dorika.